Kwa Nini Tumbusi Hula Mwisho

Mmenichosha. Mmetoka shule na mfalme wenu wa Urusi aliyeangushwa, sasa mnataka bibi asiyemaliza hata darasa la pili awaambie kwa nini. Urusi sijafika na baridi yake siitaki. Ila ya Tumbusi, yule ndege wa mizoga, nayajua, na mfalme ni mfalme. Kaeni. Nikimaliza nalala.

Hapo kale Tumbusi hakuwa na upara. Alikuwa mfalme wa ndege wote, na kichwani alibeba kilemba cha manyoya ya dhahabu alichorithi kwa babu zake. Desturi ilikuwa moja: mwaka wa njaa mfalme hutoka, hukaa chini na ndege wadogo, na hula wa mwisho. Babu zake waliishika.

Yeye alikuwa na kinda mmoja wa kiume, mgonjwa. Akijikwaruza kidogo tu, damu haikomi. Kumwachia huyo kilemba ndiko kulikomnyima usingizi baba mtu. Akaja Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko akili, akasema ana dawa. Alipomgusa mtoto, damu ikakatika. Basi, akawa ndiye mwenye nyumba.

Njaa ikaingia. Chiriku, mama wa makinda sita, akawaongoza wenzake hadi chini ya kiota cha mfalme, wakiimba kwa adabu.

"Baba, toka ule nasi."

"Usitoke," Hondohondo akanong'ona. "Ukiwashukia leo, kesho watakutagia kichwani."

Tumbusi akabaki ndani, akala kwanza, akashiba. Kisha akawatuma Mwewe, askari wake, wawapige. Walionusurika walizika wenzao, na neno Baba hawakulitamka tena.

Badala ya kujirudi, akaanza vita na ndege wa ng'ambo ya mlima. Vilipomwelemea akaenda kuvisimamia mwenyewe, kana kwamba vilikuwa vinamngoja yeye. Nyumbani akawaacha mkewe na Hondohondo, leo wanamteua waziri huyu, kesho wanamfukuza, na ghala linazidi kuwa tupu.

Safari ya pili walikuja majike tu, wa kila aina ya ndege, Chiriku mbele. Tumbusi akatuma neno kutoka vitani: "Watawanyeni."

Mwewe mkubwa akatazama chini. "Yule pale ni mama yangu," akasema. "Aje awapige mwenyewe." Akatua, na wenzake wakatua, wakakaa na wenye njaa.

Tumbusi aliporudi hakukuwa na wa kumlaki.

"Vua," Chiriku akamwambia.

Akavua kilemba. Kumvika mwanawe hakuthubutu. Angemtwisha chuki yote ile na damu yake haikomi. Akamnyooshea mdogo wake mwenyewe, ndugu wa tumbo moja.

"Kaa nacho, kaka," mdogo mtu akasema, akaruka zake, kilemba kikabaki chini.

Na tangu siku hiyo kichwa cha Tumbusi ki uchi, jua linakichoma. Akiona mzoga hausogelei. Husimama pembeni, shingo chini, mpaka wenye nyama washibe. Zamu aliyoikataa mwaka mmoja wa njaa, anailipa kila siku, yeye na kizazi chake.