Udi wa Bwana Haridi

Haya, jivuteni karibu, ya zamani yana utamu wake. Mji wa Barazuni ulikuwa chini ya Sultani Nuruddini, na bandarini akakaa jini Dahmani, aliyefungwa kwa pete ya sultani anuse watu wa kila merikebu ya kigeni, maana tauni ilishawahi kuufagia mji ule. Merikebu asiyoiridhia hukaa karantini, mbali na gati, bendera ya manjano juu, na hashuki mtu.

Basi akaja Bwana Haridi, tajiri wa mbali, na robota la hariri, mahari ya Mwana Rukia binti sultani. Ahadi ilikuwa afike kabla mwezi wa Shaabani haujaandama, la sivyo binti ataozwa mwingine.

Jini akapanda merikebuni, na Haridi, mtu wa adabu zake, akamkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima, akatia udi chetezoni na kumfukiza mpaka ndevu. Jini akanusa weee, akasema hasikii harufu ya kitu, atarudi. Akarudi, akafukizwa zaidi. Na Haridi akawa analalamika kwa mabaharia kwamba jini huyu mgumu kuridhika, labda udi haumtoshi.

Mwezi umekaribia kuandama, jini akachoka.

"Bwana wangu," akasema, "mimi kazi yangu pua. Unanikirimu mpaka nashindwa kukuruhusu."

Haridi akaona haya, akamwagia maji chetezo, na kumpokea mgeni bila udi akajiona kama yuko uchi. Jini akawanusa watu wote, wazima. Kwenye hariri akasimama.

"Tauni imelala humu. Lakini mimi niliagizwa watu, mizigo sikuagizwa. Shauri lako."

Haridi akatazama mji, akaona madirisha ya kasri, akawaza shingo itakayoguswa kwanza na hariri ile. Hakumtuma mtu. Aliichoma kwa mkono wake, na moshi ule haukunukia hata kidogo.

Akaingia barazani mikono mitupu. Sultani akauliza mahari iko wapi.

"Nimeiunguza, maulana. Ningemvika binti yako mauti."

Sultani akamtazama jini, jini akaitikia kwa kichwa. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Baba, mwambieni mahari yangu nimeipokea."

Wakaoana mwezi ulipoandama, na Haridi akapewa bandari aisimamie, akatajirika zaidi. Nanyi wanangu, akija mtu kuwakagua kwa usalama wa watu, mwacheni amalize kazi yake kwanza, udi baadaye. Mimi nimefika gatini, nashuka.