Kilima Chini ya Msasa

Chombo kikielea, mtazamaji huona wepesi wake tu. Misumari haioni, wala jasho la seremala. Fundi rangi wa hadithi hii alikuwa mtazamaji wa namna hiyo, tena mwenye mdomo.

Dada yake mkubwa alikuwa mchoraji. Kwa miaka minane alichora kilima kimoja tu, kile kilichoonekana dirishani mwa nyumba walimozaliwa, ambacho wachimba kokoto walikuwa wakikimega kidogo kidogo. Kila mwaka aliongeza tabaka jingine la rangi juu ya lile la zamani. Mwishowe hapakuonekana mti wala njia, ila mabaka ya kijivu yenye vinundu na mikwaruzo.

"Dada, hii mimi naipaka kabla chai haijapoa!" fundi alimtania.

"Na kuta zako mbuzi akizilamba rangi yote inatoka," dada alimjibu, wakacheka.

Basi picha ikachaguliwa kwa maonyesho makubwa, ya kwanza katika maisha ya dada. Gari la kuichukua lingefika saa sita mchana. Asubuhi dada alitoka kutafuta kamba ya kuifungia. Fundi, aliyempenda dada yake kufa, akabaki anaitazama, akaona haya kwa niaba yake. Vinundu vile si watu watavicheka? Katika kazi yake, ukuta wenye vinundu hupigwa msasa kwanza, ndipo upakwe upya. Akachukua msasa, akasugua kwa bidii kutoka pembeni hadi katikati.

Kijivu kikatoka, ukajitokeza wekundu wa udongo uliochimbuliwa. Akasugua tena, akaona manjano ya majani makavu. Kisha kijani kibichi, na ndani yake mistari myembamba iliyolala sambamba. Akaacha kusugua. Yalikuwa matuta ya shamba la marehemu mama yao, upande ule wa kilima ambao sasa ni shimo.

Dada akaingia. Kamba ikamponyoka.

"Umenimaliza, mdogo wangu."

"Sikujua kama mama yumo humu! Nilidhani ni rangi tu."

"Hukuuliza. Nilitaka mtu asimame aone shimo, kisha taratibu, kwenye mikwaruzo, kilima kianze kumjia."

"Nitakupakia kijivu kingine, dada, hata sasa hivi."

"Na miaka minane utanipakia?"

Dada akaketi sakafuni, akalia kwa sauti. Fundi naye akalia, wala hakuficha.

Saa sita gari likafika. Fundi ndiye aliyetoka kumwambia dereva kwamba hakuna mzigo, picha imeharibika.

"Ah, hiyo tu?" dereva akasema huku akiwasha gari. "Si apake nyingine kesho?"

Fundi alitazama viganja vyake, vilivyojaa vumbi la kijani na la kijivu. Kisha akajibu:

"Ndugu yangu, usione vyaelea, vimeundwa."