Mtungi wa Fisi na Togwa ya Baraza

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa na majiko, mashemeji na serikali, kiangazi kilikuja kikali. Mto ukasinyaa, maji yakabaki mbali bondeni. Mfalme Ndovu akaamuru, "Serikali inunue mitungi, kila nyumba ipate wa kuwekea maji!"

Mkuu wa manunuzi alikuwa Bwana Kiboko. Mdomo wake ukifunguka, hujui kama anapiga miayo au anataka kumeza ofisi.

Mama Kobe, mfinyanzi, akaleta mtungi wake. Ukiugonga, ngiii! Umeiva motoni barabara. Fisi naye akaleta wake. Ukiugonga, pu!

"Zabuni kashinda Fisi," akatangaza Kiboko.

"Kwa lipi?" akauliza Mama Kobe.

"Sharti la zabuni, muuzaji awe mcheshi. Hebu cheka."

Mama Kobe akajitahidi. "Hhh."

"Umejionea mwenyewe? Sikiliza mwenzako."

"Kwa-ha-ha-haaa!" akaangua Fisi.

Basi mitungi ya Fisi ikagawiwa. Kumbe ni tope lililoanikwa juani tu! Mama Swala alikwenda mtoni na kurudi, akamimina maji mtungini, chururu! Yakatoka chini na matope yake. Watoto wake wakalala ndimi zimekauka. Alipokwenda kulalamika, Kiboko akamjibu, "Kosa lako. Umetia maji."

Kelele zikamfikia Ndovu. Akamteua Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye nyufa za mawe, awe msikilizaji wa malalamiko ya manunuzi. Hakuwa chini ya Kiboko, wala hakuiuzia serikali kitu. Hakupewa fimbo wala jela. Kazi yake ilikuwa kusikiliza pande zote, kuchunguza, na kusema ukweli mbele ya watu.

Mama Kobe akafurahi. "Afadhali, mwanangu! Sasa nina mtu upande wangu."

"Hapana, mama. Mimi siko upande wako," akasema Pimbi. "Niko upande wa mtungi."

Mama Kobe akanuna, akaingiza kichwa gambani.

Kiboko na Fisi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Pimbi! Huyo tutamlisha tu!" Wakamfuata kwenye mawe yake.

"Ndugu yangu," Fisi akanong'ona, "unapenda togwa?"

Pimbi akameza mate, glup! "Naiota usingizini."

"Sema mitungi yetu ni mizuri, tukuletee."

"Lo! Nikinywa peke yangu watasema nimehongwa. Ileteni barazani, ndani ya mtungi wenu, tunywe wote na mfalme. Watu wakishiba, nani atakumbuka kulalamika?"

"Ana akili huyu!" akasema Kiboko.

Siku ya baraza Fisi akaja na mtungi umejaa togwa mpaka shingoni. Pimbi akaonja, akalamba sharubu.

"Tamu! Na halijavuja hata tone. Bwana Fisi, mtungi huu ni wako?"

"Wangu kabisa!"

"Sawa na ile uliyoiuzia serikali?"

"Ileile!"

"Bwana Kiboko, unathibitisha?"

"Nathibitisha! Mimina, tunywe!"

Pimbi akaugonga. Ngiii! Akaomba mtungi mwingine wa Fisi, aliokabidhiwa Mama Swala badala ya ule uliovuja, akaugonga. Pu!

"Makubwa! Ndugu wa tumbo moja, huyu anaimba, yule anajamba!"

Baraza zima likacheka. Ndovu mwenyewe akajifanya anakohoa.

"Haidhuru," Pimbi akaendelea. "Mitungi si ni sawa? Hebu tuihamishe togwa yote humu kwa Mama Swala."

Akauinamisha mtungi. Kiboko, aliyekuwa ameikodolea macho togwa tangu asubuhi, akaruka, "Wee! Acha! Utaipoteza yote!"

"Itapoteaje, bwana, kama mtungi ni mzima?"

Kiboko akafumba mdomo, na kuufumba kulichukua muda.

"Mjinga wewe!" Fisi akamfokea. "Nilihangaika kumtuma mke wangu kwa Mama Kobe akanunue mtungi wa maana, halafu wewe..." Akajiziba mdomo kwa makucha yote. Alikuwa amechelewa.

Ndovu akapiga masikio yake, pa! "Pimbi, tuwafanye nini?"

"Mimi sina fimbo, Mtukufu. Nimesikiliza, nimesema. Kuamua ni kwako."

Ndovu akaona aibu, maana ni yeye mwenyewe aliyemteua Kiboko. Akamwachisha kazi palepale. Akaamuru zabuni irudiwe hadharani, na kila mtungi ujazwe maji kwanza watu wakiona. Mpaka mitungi mipya ipatikane, Kiboko na Fisi wakatwishwa maji ya kila nyumba, toka bondeni hadi mlimani, huku watoto wa Swala wakiwahimiza nyuma, "Haya, wacheshi, chekeni!"

Anayenunua kwa niaba ya wote, achunguzwe na asiyekula naye.