Pimbi, Kiboko na Gari Lililofika Kwenye Miwa

Nagonga!
— Gonga, tufungue!
Nimebeba!
— Tua, tuone!
Nimebeba ngano, ina pembe na ina mkia!
— Ishushe polepole, mkeka upo!

Kabla sijaishusha, nina la kutubu. Ngano hii niliwahi kuisimulia harusini, na bwana harusi alikuwa muuza magari. Basi nikaipinda. Kiboko nikamfanya mwema, Pimbi nikamfanya mwizi, kwa sababu pilau ilikuwa ya muuza magari na mimi nilitaka sahani ya pili. Niliipata. Mwenyezi Mungu anisamehe, ilikuwa na nyama nyingi. Leo naisimulia kama ilivyo.

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wana leseni za udereva, paliondokea Pimbi. Mdogo wa mwili, masikio kama vifungo vya shati, na mkia hana kabisa. Alikaa juu ya mlima wa mawe na mkewe Perere, pamoja na ukoo wao wote. Shida yao ilikuwa moja. Hospitali iko bondeni, wao wako mlimani, na Perere ana mimba. Mimba kubwa, tumbo linatangulia, mwenyewe anafuata nyuma. Msimu uliopita mama mmoja wa ukoo alishushwa kwa machela, mvua ikawakuta njiani, akajifungulia chini ya jiwe. Mtoto alipona kwa rehema za Mungu tu.

Perere akasema, "Mume wangu, mimi chini ya jiwe sizai."

Ukoo ukakaa kitako, ukakubaliana. Shamba la miwa la ukoo, miwa yote ya msimu, itolewe, lipatikane gari. Kazi ya kulitafuta akapewa Pimbi, maana mke ni wake.

Shangazi yake akamwambia, "Ukikosea, miwa imekwenda na gari hatuna. Mkeo nitambeba mimi mgongoni, na mgongo wenyewe unauona."

Pimbi akautazama mgongo. Akateremka bondeni na moyo mzito.

Huko bondeni, kando ya mto, Kiboko alikuwa na yadi ya magari yaliyokwisha tumika. Kiboko yule alikuwa na nguvu na alikuwa na uchu. Hakuna mnyama aliyerudisha gari kwake. Nyumbu alinunua gari pale, sasa kuku wanatagia ndani yake. Alipokwenda kulalamika, Kiboko hakusema neno, alifungua mdomo tu. Nyumbu akakumbuka kwamba ana safari.

Yadi ilikuwa na gari la jina moja tu, Mtulivu. Mtulivu ni gari la wastani, si dogo la kukukunja magoti, si kubwa la kujaza barabara. Milango minne, buti nyuma, linabeba familia na gunia la mkaa. Lakini Mtulivu alizaliwa mara tatu, na kila mara alitoka na sura yake na tabia yake.

Toleo la kwanza watu waliliita Sanduku. Lina pembe pembe, vioo unazungusha kwa mkono, viti vigumu kama benchi la msikitini. Linakunywa petroli bila haya. Ila limeinuka juu, na injini yake haijui kukataa.

Toleo la pili waliliita Shavu. La mviringo, laini, ukikaa ndani unasinzia. Nalisema kwa haki, Shavu si gari baya. Ni gari la mtu anayebadilisha mafuta ya giaboksi kwa wakati. Usipobadilisha, giaboksi inaanza kuteleza, na ikianza kuteleza haina toba.

Toleo la tatu waliliita Kope, kwa ajili ya taa zake zilizolegea kama macho ya bibi harusi. Zuri! Ndani kuna vitaa vingi, linakuambia mpaka mlango uliosahau kufunga. Lakini tumbo lake liko chini. Hilo ni la mtu mwenye lami mpaka mlangoni.

Pimbi akafika. Akalizunguka Shavu. Akalinusa. Akaliinamia.

"Bwana mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, kidole."

"Hili mafuta ya giaboksi yamebadilishwa lini?"

Kiboko akacheka mpaka maji ya mto yakatikisika. "Swali gani hilo? Tazama namba! Namba mpya!"

Pimbi akalizunguka Kope. Akalinusa. Akaliinamia. "Na hili, bwana mkubwa, mawe ya mlimani litayaweza?"

"Tazama namba, mdogo wangu! Namba mpya kabisa!"

Wanyama wa bonde lile walikuwa na ugonjwa huo. Gari linazeeka huko lilikotoka, linafika, linapewa namba jana, basi watu wanasema jipya. Hawafungui boneti. Wanatazama kibao cha namba, wanasema mashaallah, wanatoa mali.

Karibu na geti, chini ya kivuli, lilisimama Sanduku. Namba yake ilikuwa ya zamani, imepauka.

"Na lile?"

"Lile halikuhusu," Kiboko akasema haraka. "Lile naendea sokoni mwenyewe."

Pimbi akalitupia jicho. Si fundi, hajui hata spana inashikwa upande gani. Lakini neno lile lilimkaa kichwani: mwenye magari yote ya namba mpya, sokoni anakwenda na la namba ya zamani.

Akasema, "Bwana mkubwa, mimi sitoi mali ambayo hujaiona. Miwa yetu iko mlimani. Njoo uione, njoo na gari unaloniuzia. Ukitafuna muwa shambani kwetu, hata mmoja, biashara imekwisha. Shamba zima lako, na gari ulilokuja nalo letu."

Kiboko aliposikia miwa, mate yakaanza, churu, churu, churu. Akawaza, huyu mjinga nitampelekea Shavu, nitatafuna, nitaliacha huko huko likafie. Akanyoosha mkono mkubwa. "Tumepatana!"

Asubuhi ikafika, Kiboko akaingia ndani ya Shavu. Akapita makorongoni, laini. Akapita kwenye mawe, laini. Akafika kwenye mpando mrefu ulio chini ya shamba. Vuuu! Injini inalia, gari haliendi. Vuuu! Vuuu! Harufu ya kuungua ikatoka, na Shavu likaanza kurudi nyuma taratibu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Pimbi yuko juu, amekaa kwenye jiwe, anatafuna muwa. Krachu! "Karibu, bwana mkubwa! Mbona umesimama?"

"Linapumzika!"

"Na lipumzike. Miwa haiendi popote."

Lilipumzika mpaka jua likawa kali. Kiboko akajifunga kamba shingoni, akalivuta mwenyewe mpaka yadini, fuu, fuu, kama ng'ombe wa jembe.

Siku ya pili akaingia ndani ya Kope. Korongo la kwanza tu, kwaruuu! Tumbo limekaa juu ya ukingo. Mafuta tone, tone, tone. Ndani vitaa vyote vikawaka, vyekundu, vya njano, ti! ti! ti! ti!

Pimbi akateremka kwa heshima mpaka pale. Akainama dirishani. "Bwana mkubwa, vitaa hivyo vinasema nini?"

"Vinakusalimia."

"Marahaba," Pimbi akaviambia vitaa, akarudi zake juu.

Kiboko akajifunga kamba tena. Usiku hakulala vizuri. Upepo ulishuka kutoka mlimani na harufu ya miwa, ukaingia puani, ukashuka mpaka tumboni. Churu, churu, churu. Kulipokucha, macho yake yakaangukia Sanduku. Akajiambia, nitakwenda nalo kutazama tu. Sitatafuna. Kutazama si kutafuna.

Gudu-gudu-gudu! Sanduku likapita makorongoni. Gudu-gudu-gudu! Likapita kwenye mawe. Likafika kwenye mpando, likashusha pumzi nzito kama mzee anayeinuka kuswali, gu... du... gu... du... likapanda. Likafika shambani, likasimama katikati ya ukoo wote wa pimbi, waliokaa juu ya mawe kimya kama wageni wa msiba.

"Nimekuja kutazama tu," Kiboko akasema.

"Tazama, bwana mkubwa. Kutazama hakuna shida."

Pimbi akakata muwa mnono. Akaumenya kwa meno. Akautafuna mbele yake, krachu, krachu, maji yakachuruzika kidevuni. Aliujua mdomo wa Kiboko, lakini meno yake yaliendelea na kazi.

"Hebu nionje kidogo," Kiboko akasema.

"Bwana mkubwa, nisingependa baadaye useme sikukukumbusha. Anayetafuna ameacha gari alilokuja nalo."

Kiboko akafunga mdomo. Akalitazama Sanduku. Akaitazama miwa. Akalitazama Sanduku tena, akaona jinsi linavyompeleka sokoni kila Ijumaa bila kumfedhehesha. Akaitazama miwa.

"Lakini hili si la kuuza," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi acha miwa. Teremka salama, wasalimie nyumbani."

Kiboko akageuka. Akapiga hatua moja. Akageuka tena.

Krachu!

Mlima mzima ukapiga vigelegele! Shangazi akachukua ufunguo kabla Kiboko hajameza. Kiboko naye hakusikia lolote, aliingia shambani kama mvua ya mawe. Krachu, krachu, krachu! Akala mstari kwa mstari, akala mpaka mzizi, akala mpaka akawa anatembea kwa kulisukuma tumbo lake mbele.

Ndipo akili ikamrudia. Akateremka kwa miguu, jua kichwani, kilo za miwa tumboni. Alipofika chini ya mpando, hasira ikamjaa. Akajilaza katikati ya barabara, kulia jiwe, kushoto korongo. "Hapiti mtu hapa mpaka nirudishiwe Sanduku langu!"

Na huko juu, wakati huo huo, Perere akashika kiuno.

"Mume wangu."

"Naam."

"Sasa."

Wakampakia. Pimbi akashika usukani, amekalia mito ili aone mbele. Gudu-gudu-gudu, wakashuka. Wakamkuta Kiboko barabarani.

"Bwana mkubwa, pisha. Mama ana uchungu."

"Nirudishie gari."

"Nakuomba kwa Mungu."

"Muombe Mungu akushushie jingine."

Pimbi akatafuta neno kichwani. Hakuna. Akatafuta tena. Hakuna. Jasho likamtoka kwenye masikio. Akawaza jiwe, akawaza mvua, akawaza mgongo wa shangazi.

Kwenye kiti cha nyuma, Perere akauma meno mpaka uchungu ukapita, akatoa kichwa dirishani. "Shemeji Kiboko! Umelala hapa, na Tembo yuko yadini kwako anatafuta gari?"

Sikio moja la Kiboko likasimama. "Tembo gani?"

"Yule yule tajiri. Ameambiwa una Kope na Shavu. Anasema anataka namba mpya, hana swali jingine."

"Haulizi giaboksi?"

"Haulizi."

"Haangalii chini ya tumbo?"

"Ataangaliaje, na mwili ule hawezi kuinama? Anatazama namba tu, anasema mashaallah. Nenda, shemeji, wenzako watamchukua!"

Lo! Gubu-gubu-gubu! Mlima ulitetemeka. Kiboko alishuka kwa kasi ambayo hakuna toleo lolote la Mtulivu liliwahi kuipata. Pimbi akamgeukia mkewe.

"Tembo amekuja lini?"

"Endesha gari, wewe!"

Akaendesha. Gudu-gudu-gudu, mpaka mlangoni pa hospitali. Kabla ya adhana ya alasiri Perere alikuwa amejifungua, juu ya kitanda chenye shuka nyeupe, mtoto wa kike, masikio kama vifungo vya shati. Alhamdulillahi. Nje Sanduku limesimama linanuka petroli, limekunywa kama ngamia, na kila mama wa mlimani aliyejifungua baada ya hapo lilimshusha.

Kiboko bado yuko getini kwake. Anavifuta vibao vya namba kwa kitambaa, vinang'aa, na anamsubiri Tembo.

Ngano yangu imefika, imekaa, imevua viatu. Utamu wake gawaneni, makapi nitakula mwenyewe.

Na mafunzo yake ndiyo haya, yashikeni: ukienda kununua gari lililokwisha tumika, tazama namba. Ikiwa mpya, funga macho, toa mali. Usimsumbue muuzaji kwa maswali ya giaboksi, ni utovu wa adabu. Usimwambie akupandishe mlima. Na gari analoendesha mwenyewe usilitazame kabisa, lina viti vigumu.

Nimebakiza ombi moja, na hili silifanyii mzaha. Mwenye gari hapa, liwe la toleo lolote, akiombwa na mama mwenye uchungu, ampeleke.