Mieleka ya Kobe na Konokono

Hapo zamani za kale, enzi zile Fisi alikuwa bado anaoga, palikuwa na bingwa wa mieleka aliyeitwa Kifaru. Mnacheka nini? Nimesema alikuwa anaoga. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, hadithi ina masikio yake.

Basi, kila siku ya gulio Kifaru alishikana na Kiboko uwanjani. Walisukumana tangu asubuhi, hufff! hufff! Jioni mmoja akaanguka, puuu! Mambo yakaisha. Ilikuwa mieleka safi, haina hila wala kung'atana. Na watazamaji? Walipiga miayo mpaka mataya yakawauma.

Pembeni mwa uwanja palikuwa na kichuguu. Humo aliishi Nguchiro, mkewe, na watoto wengi kuliko mikeka ya kulalia. Nguchiro alikuwa kamwili tu, lakini mdomo wake, eh! Mdomo ule haukujua kupumzika.

Siku moja Kifaru alimwinua Kiboko, akambwaga, naye Kiboko akaangukia kichuguu, akateguka kiuno. Kifaru akamwendea Nguchiro mlangoni, akagonga kwa pembe, go! go! go!

"Hodi humu!"

"Karibu, Mzee Kifaru. Pita ndani."

"Nipite wapi, mlango wenyewe unatosha pua yangu tu? Sikiliza. Kichuguu hiki kinatuumiza. Gulio lijalo nakibomoa. Nataka uwanja mpana, watu wanakuja wengi kuziona nguvu zangu."

"Wengi wapi, mzee wangu? Juzi Pundamilia alilala kifudifudi, anakoroma."

"Alikuwa anatafakari!"

"Na watoto wangu nitawapeleka wapi?"

"Hilo lako. Mimi nina uwanja, wewe una watoto."

Nguchiro akawaza mvua. Aliwaona wanawe wakinyeshewa kama vyungu vilivyosahauliwa uani. Angenyamaza hapo, angeomba, angepiga magoti. Lakini mdomo ule!

"Kwa hizo nguvu zako? Hata Kobe na Konokono wakipigana mieleka, watajaza watu kuliko nyie!"

Kifaru alicheka mpaka ndege waliokuwa mgongoni mwake wakadondoka.

"Kobe na Konokono! Haya, wasikie wote. Gulio lijalo, wewe na hao mabingwa wako hapa kwako, mimi na Kiboko kule uwanjani. Akibaki kwangu mtazamaji mmoja, mmoja tu, kichuguu kinakwenda chini. Asipobaki hata mmoja, sikigusi mpaka naingia kaburini."

Akaondoka zake, ardhi inatikisika, ti! ti! ti!

Ndani, mke wa Nguchiro alikuwa ameshika kiuno.

"Baba Kiduchu, umelogwa? Kobe na Konokono! Kabla hawajashikana hao, mvua itanyesha, itakauka, itanyesha tena."

"Mdomo uliteleza, mke wangu."

"Mdomo wako una mlenda."

Nguchiro akakaa kitako, machozi yakamlengalenga. Mkewe akamhurumia. Akakaa naye, akamuuliza kwa upole, "Hebu niambie. Kwenye mieleka ya Kifaru, mara ya mwisho watu kusimama ilikuwa lini?"

"Waliposimama? Ni siku ile mke wa Kiboko alipogombania mkeka na Fisi."

"Nani alishinda mieleka siku hiyo?"

"Hata sikumbuki."

"Na mkeka alichukua nani?"

"Fisi! Tena alisema ni urithi wa shangazi yake, mke wa Kiboko akamjibu shangazi yako yupi, yule aliyelalia majani mpaka anakufa, na Fisi akasema..." Nguchiro akakoma. Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama.

"Umeelewa sasa?"

"Nimeelewa!" Akatoka mbio, mkiki mkiki, hata hakunywa uji.

Kobe na Konokono walikuwa majirani, tena marafiki wa kuombana moto. Nguchiro akawaeleza shida yake yote. Kobe akasikiliza, akafumba macho, akayafumbua.

"Kutukanana hadharani? Na Konokono amekaa matanga kwangu nilipofiwa?"

"Si kwa ubaya, ndugu zangu. Ni kwa ajili ya wanangu."

"Kama ni watoto, sawa," akasema Konokono. "Ila nimtukane nini? Mimi namwona mtu mzuri tu."

"Chochote kinachokujia. Lakini msimalize maneno! Neno likiisha, watu wanakwenda nyumbani."

Kutoka hapo Nguchiro akaenda moja kwa moja kwa Fisi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Nakwambia wewe tu. Kobe anasema Konokono kamwibia ramani ya nyumba."

"Weee!"

"Na Konokono anasema ile nyumba ya Kobe ni ya kupanga. Wamepania kumalizana gulioni, mlangoni kwangu. Usimwambie mtu."

"Mimi? Mimi kaburi!"

Kaburi gani lile, lisilo na udongo! Kabla ya adhuhuri habari ilishafika kisimani, ikavuka mto, na vyura nao wakawa wanaimba, "Kapanga! Kapanga!"

Siku ya gulio ikafika. Kule uwanjani Kifaru na Kiboko wakashikana, hufff! hufff! Watu wakaketi, maana walizoea. Huku kichuguuni Kobe akatokea upande wa mashariki, Konokono upande wa magharibi, wakaanza kusogeleana. Kobe akainua mguu. Akaufikiria. Akauweka chini.

"Mwizi wa ramani!" akapaza sauti.

"Mpangaji mkubwa!" akajibu Konokono. "Nyumba haina hata baraza!"

Kule uwanjani shingo zikaanza kugeuka. Swala akasema anakwenda kunywa maji. Pundamilia akasema anakwenda kujisaidia. Wote wawili wakaonekana kichuguuni.

"Mama yako aliazima chumvi kwetu," Kobe akaendelea, "mpaka leo hajarudisha!"

"Haaa!" umati ukashangaa.

"Hebu ngojeni," akasema Twiga. "Konokono na chumvi wapi na wapi? Si angekufa?"

"Ndiyo maana hakurudisha!" akadakia Fisi.

Hapo pakawaka moto. Huyu anasema chumvi ilikopwa, yule anasema Kobe mzushi, Nyani amemkunja Ngiri, Ngiri amemkunja asiyemjua. Waliobaki uwanjani wakasikia kelele, wakanyanyuka kundi zima, vumbi likatimka.

Konokono akavuta pumzi, akatoa pembe zake zote.

"Na wewe Kobe, waambie watu kwa nini kila akipita Bi... kila akipita Bi..."

"Bi nani?" wakapiga kelele wote.

"Ngojeni nipumzike," akasema Konokono, akaingia ndani ya nyumba yake.

"Bi nani? Bi nani? Bi nani?"

Nguchiro akapanda juu ya kichuguu, akachungulia uwanjani. Looo! Palikuwa na mtazamaji mmoja. Fuko alikuwa amekaa palepale mbele, mikono magotini, ametulia tuli. Mmoja tu, na ahadi ilikuwa mmoja tu. Nguchiro alitaka kulia.

"Unaona, Fuko?" Kifaru alikuwa anahema. "Hii ndiyo mieleka!"

"Sioni, mzee," akasema Fuko. "Unajua mimi macho yangu hayafanyi kazi. Nasikia mnahema tu."

"Basi sikiliza tunavyohema!"

"Bi nani? Bi nani?" zikaja sauti kutoka kichuguuni.

Fuko akageuza sikio. "Kwani Bi nani?"

"Kaa chini, Fuko!"

"Nakuja sasa hivi, mzee, nimesahau kitu." Akachimba, furu furu furu! Akapotelea chini ya ardhi, akaibukia katikati ya umati, udongo kichwani, anauliza, "Kashasema? Kashasema?"

Uwanjani hakukubaki mtazamaji hata mmoja. Kifaru na Kiboko walikuwa bado wamekumbatiana.

"Kiboko."

"Naam."

"Hivi unadhani Bi nani?"

"Mimi namshuku Bi Kanga. Twende tukasikie."

"Niachie basi."

"Niachie wewe kwanza. Nikikuachia utasema nimeshindwa."

"Hapana, wewe kwanza."

"Basi twende hivihivi!"

Wakaenda hivihivi, wamekumbatiana, wanatembea kiubavuubavu kama kaa, wanakanyagana vidole. Wakafika nyuma ya umati. Lakini Kifaru, mnajua macho yake. Kifaru akitazama mbali haoni hata mlima.

"Mzee Kifaru," akasema Nguchiro, "kule kwako amebaki nani?"

"Nyamaza wewe, tunasikiliza! Nipishe nipande hicho kichuguu nione."

"Ukipanda kitabomoka, na wewe hutaona kitu. Juu pale wamekaa wanangu, wana macho makali. Kaa hapa chini, watakusimulia."

Kifaru akamwachia Kiboko bila hata kukumbuka, akakaa kitako chini ya kichuguu, tifu!

"Haya, watoto wazuri, semeni! Kobe kafika wapi?"

"Kainua mguu, babu!"

"Mama yangu! Mguu upi?"

"Wa kushoto!"

"Kiboko, umesikia? Wa kushoto!"

"Nilikwambia mimi!" akasema Kiboko, ambaye hakuwa amemwambia kitu.

"Na Konokono je?"

"Ametoa pembe moja!"

"Moja tu! Huyu ana jambo, huyu. Bi nani, watoto? Kasema Bi nani?"

"Bado, babu!"

Wakati huo Nyati, katika kusukumana, akakiegemea kichuguu, kikatoa ufa mdogo, kra! Bingwa wa mieleka akaruka juu, pembe mbele, povu mdomoni.

"Nani huyo anagusa kichuguu? Atakayekibomoa leo atanitambua! Hamwoni watoto wako kazini?"

Nyati akaomba radhi, akarudi nyuma. Nguchiro akaingia ndani kimyakimya, akamkuta mkewe anawatandikia wanawe mikeka, akamshika mkono. Nje jua lilizama. Kobe na Konokono hawakuwa wamefikiana hata nusu ya njia, na katika umati wote ule hakuna aliyeuliza nani kashinda.

Mwenye nguvu humwangusha mtu mmoja, wanangu. Mwenye maneno huuangusha mji mzima.