Pimbi Aomba Umeme

Zamani, wanangu, enzi ambazo wanyama waliitisha mikutano kuliko walivyolima, palikuwa na Ushirika wa Umeme wa Bondeni. Mwenyekiti alikuwa Kifaru, katibu Kiboko.

Nguzo za ushirika zilipita juu ya mwamba wa Mama Pimbi, lakini ndani ya mwamba wanawe walikohoa kwa moshi wa kibatari. Akaenda kuomba uanachama.

Kifaru alimtazama kutoka juu hadi chini, safari isiyokuwa ndefu.

"Uanachama ni wa wenye nyumba," akasema. "Wewe unaishi pangoni."

Wajumbe wakacheka, kwe kwe kwe. Moyo ulimchoma Pimbi, ila akainama kwa adabu. Akasema mwenyekiti amenena kweli, na kwamba sharti zuri kama hilo lisiachwe hewani. Wakorofi wangekuja kulibishia.

"Liandikeni, mheshimiwa. Nyumba ni ukuta wa mawe, paa lisilovuja, na mlango. Aliye navyo ni mwanachama; asiyekuwa navyo afutwe na akatiwe umeme, hata awe nani."

Kifaru aliyapenda sana hayo maneno "hata awe nani". Yalisikika ya kiserikali. Kiboko akagonga muhuri: pwa!

Kesho yake Ngedere, fundi wa ushirika, alipita na karatasi yake kukagua. Alimkuta katibu ndani ya dimbwi, maji mpaka puani. Ukuta hakuna. Akakata waya, kacha! Akamkuta mwenyekiti chini ya kichaka, taa ikining'inia kwenye miiba. Kacha!

Wajumbe wengine nao hawakuwa na ukuta wala paa; wote akawakatia. Alipofika mwambani aliona ukuta wa jiwe, paa la jiwe, na jiwe bapa ambalo Pimbi alikuwa amelivingirisha mlangoni alfajiri. Akaunga waya. Watoto wakaitazama taa, midomo wazi.

Kifaru alikuja mbio akihema, akadai mkutano wa dharura.

"Mkutano ni wa wanachama," Pimbi akamjibu kwa upole. "Na mwanachama nimebaki mimi peke yangu. Subiri hapo nje, mzee wangu, nikae kikao."

Akakaa. Akafuta sharti lote, akaandika kwamba kila aishiye bondeni na anayehitaji umeme anaruhusiwa kujiunga. Kisha akatoka, akampa Kifaru fomu ya maombi.

Kifaru akaijaza. Penye neno "makazi" akaandika kwa herufi ndogo sana: kichakani.

Basi wanangu, anayetunga sharti la kumtoa mwenzake ajipime nalo yeye kwanza.