Nyumba Isiyopitisha Wembe

Mtaka yote hukosa yote. Methali hii tunaisema tukimwona mtoto amejaza karanga viganjani mpaka zote zinamwagika mchangani. Tunacheka, kisha tunakwenda zetu nyumbani kujaza za kwetu. Tamaa ya mwenzio huonekana upesi, bali ya kwako huja imevaa nguo nzuri. Ya Fundi Pima ilikuja imevaa mapenzi, ndiyo maana hakuitambua.

Fundi Pima alikuwa seremala, na jina hilo alipewa mtaani kwa sababu hakutulia mahali bila kupima. Akikaribishwa chakula, aliipima meza kwa shibiri kabla ya kunawa. Alipounga mbao mbili, wembe haukupita katikati yake, na usipomuuliza juu ya hilo alikuambia mwenyewe. Mkewe ndiye aliyekuwa na ulimi wa utani. Alimwita mumewe "Fundi" tangu ujana wao, alipokuja kutengeneza mlango wa baba yake, akawa anarudi kila wiki ingawa mlango ulikuwa umeshapona.

Sasa wote wawili walikuwa na mvi, na presha ya macho ilikuwa imemla mama yule nuru yake kidogo kidogo, hata akawa anauona ulimwengu kama ulio nyuma ya pazia zito. Lakini ndani ya nyumba yao usingemjua. Alfajiri aliteremka kitandani, mkono wake ukaishika nguzo ya mbele ya kabati kubwa la nguo, ukateleza juu ya migongo ya viti, ukaiaga meza, ukapokewa na stuli ya jikoni. Hapo aliinjika birika, akapika chai, akampelekea mumewe. Wakati huo nyumba nzima ilikuwa bado ina usingizi, na harufu ya mbao na mvuke vilichanganyika hewani.

"Siku nitakayoletewa chai mimi," alizoea kusema, "mjue nimeshakufa, mnachelewa kunizika tu."

Basi nyumba ile ikawazidi. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda kwao, paa linavuja, vyumba vimebaki kuitikiana mwangwi. Binti yao mkubwa akawapatia vyumba viwili na jiko, ukuta kwa ukuta na kwake. Alipokuja kusaidia kufunga mizigo, alimkuta baba yake amekumbatia kiti.

"Baba, chagueni mnachohitaji," alisema. "Vingine tuvigawe."

"Nigawe nini? Mama yako haoni kwa macho, anaona kwa vitu hivi. Nikitoa kiti kimoja nimemtoboa jicho."

Binti akachukua kamba, akaanza kufunga viti. 

Fundi akaenda kuvipima vyumba vipya, akapiga magoti, akachora sakafu yote kwa chaki. Vitu vyote vilipakiwa. Dereva wa lori aliuzunguka mzigo, akautazama, akatikisa kichwa. "Mzee, mbona kuta umeziacha?" aliuliza. Fundi hakucheka. Alikuwa akihesabu vidole kati ya kitanda na kabati.

Na vikaingia vyote, ajabu kweli! Kabati likagandamizwa ukutani, kitanda kikabanwa na kabati, meza ikabanwa na kitanda, viti vikapandishwa juu ya viti miguu juu. Fundi alisimama kizingitini, maana kwingine hapakuwa na pa kusimama, akapangusa jasho. Alikuwa ameiunga nyumba nzima kama anavyounga sanduku.

"Wembe haupiti!" alisema kwa furaha.

"Hongera, Fundi," mkewe alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Asubuhi iliyofuata mama aliamka kwenda kupika chai. Nguzo ya kabati aliipata, akaitabasamia. Baada ya hapo mkono wake ulitafuta mgongo wa kiti, ukakuta mguu wa kiti. Goti likagonga meza. Alipofika jikoni kwa kujipenyeza ubavuubavu, kiwiko chake kilipiga rafu, sinia likaanguka, naye akashtuka na kulipiga kumbo birika. Maji ya moto yalimwagika hatua moja tu kutoka miguuni pake. Alijaribu tena kesho yake, akaumia paji la uso. Siku ya tatu hakujaribu. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, na binti yake akamletea chai ndani ya chupa.

"Asante, mwanangu," alisema, akaipokea kwa mikono miwili. Utani hakuutoa. Fundi alikaa akiungoja utani ule mpaka chai yake mwenyewe ikapoa.

Tangu hapo mama akawa mtu wa ndoto. Kila asubuhi aliugeuza uso wake upande wenye mwanga, akasimulia polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali.

"Nimeota tuko nyumba ya zamani, Fundi. Viti vimetoka vyenyewe, vimekaa uani vinaota jua kama wazee wastaafu."

"Vikarudi?"

"Havikutaka."

Siku nyingine alisema, "Leo meza nayo imeondoka. Sakafu ilikuwa pana, imetulia kama maji ya mtungini. Nikawa natembea tu. Nilikuwa na miguu ya msichana."

"Ndoto za chai ya chupa hizo," Fundi alinung'unika. Lakini moyoni aliona wivu, tena wivu hasa, kwa kuwa viti alivichonga yeye, na sasa vilikuwa vikimtoroka katika usingizi wa mkewe. Wakati mwingine, akiwa nusu macho, alihisi kweli kwamba meza inapiga hatua kuelekea mlangoni.

Mvua zikaanza. Kuta zikatoa jasho, na nyumba ile ndogo ikajaa ukungu na harufu ya majani mabichi. Mama akaona baridi, akaomba sweta lake. Fundi akaivuta droo ya kabati, haikuja. Akaivuta kwa mikono yote miwili, akatia na mguu, ikatoka kwa kishindo. Alichukua randa, akakaa kitandani, akaanza kuikwangua ubavuni, huku maganda mepesi ya mbao yakimwangukia magotini.

"Kosa langu mwenyewe, bibie," alisema akiendelea na kazi. "Niliibana mno. Mbao inakunywa mvua, inavimba. Droo lazima uiachie nafasi. Isiyo na nafasi haifunguki, hata uijaze dhahabu."

Mkewe aligeuza uso kuielekea sauti ya randa.

"Fundi."

"Naam."

"Droo umeijulia hivyo. Na mimi je?"

Randa ikasimama. Fundi alimtazama mkewe kama aliyerudi kutoka safari ndefu. Alimwona amekaa pale mlangoni magoti pamoja, kwa kuwa hapakuwa na pa kunyooshea miguu, na alama ya jeraha ingali kwenye paji lake. Chupa ya chai ilikuwa kando ya mguu wake. Aibu ilimpanda, kisha machozi, naye hakuyazuia.

"Nilitaka usipotee, mke wangu."

"Sikupotea. Nimebanwa."

Siku ile ile alimwita binti yao walivute kabati. Lilipoachana na ukuta, mgongo wake ulibaki ukutani. Mbao zilikuwa zimeoza kwa unyevu, zimeota kuvu, zinakatika mkononi kama mkate uliolowa. Lilikuwa kabati la kwanza alilomtengenezea mkewe walipooana. Binti aliziba mdomo kwa kiganja.

"Hewa haikupita," Fundi alisema. "Nimevishika vyote, tazama sasa. Kabati sina, nyumba sina, na mke wangu amekaa mlangoni kama mgeni."

"Nguzo je?" mama aliuliza. Akajongea, akaipapasa ile nguzo ya mbele, iliyolainishwa na kiganja chake mwenyewe kila alfajiri. Ilikuwa nzima. "Hii ndiyo iliyobaki ndotoni jana. Hii, na stuli, na birika linaimba."

Basi viti vikatolewa uani, na mvua ilipokatika vikaota jua kama wazee wastaafu, mpaka majirani wakaja kuvichukua kimoja kimoja. Meza alipewa binti. Fundi aliipasua nguzo vipande virefu, akaviunga, akavipigilia ukutani kutoka kitandani hadi jikoni. Safari hii hakupima ukuta. Alimwomba mkewe atembee, akatia alama pale kiganja chake kilipopenda kutua. Na kati ya ubao na ukuta akaacha nafasi ya vidole kupita.

Asubuhi Fundi alifumbua macho, akasikia birika likiimba. Akabana pumzi. Zikaja nyayo, polepole, bila kugonga kitu, na mkono ukiteleza juu ya ubao kwa sauti laini kama ya randa iliyonolewa vizuri. Mkewe akatokea mlangoni, kikombe kikifuka moshi.

"Kumbe leo naletewa chai mimi," Fundi alisema.

"Basi niite watu wa kuzika?"

Walicheka mpaka binti akagonga ukuta kutoka kwake kuuliza kuna nini. Fundi akapangusa macho, akakipokea kikombe.

"Umeota nini leo?"

"Nimeota nyumba," mama alisema, akinyoosha miguu yake yote miwili. "Hii hii."

Nyumbani mle sasa wembe ulipita, na mama mwenye chai ya moto alipita. Fundi Pima alikunywa chai yake taratibu, na kwa mara ya kwanza hakupima kitu. Alikuwa amekwisha kupimwa yeye, akajua kwamba mtaka yote hukosa yote.